Moko alipata B, matokeo ya kidato cha nne yameleta D: je, tukate rufaa?

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na matokeo yametoka. Baiolojia, somo analolipenda kuliko yote, amepata D. Moko ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, alipata B, na kidato cha tatu hakuwahi kushuka chini ya C. Masomo mengine: Kiswahili B, Kiingereza, Jiografia, Fizikia na Kemia C, Uraia na Historia D, Hisabati F. Ni divisheni ya tatu, pointi 22. Alitaka kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) aje kuwa daktari. Mkuu wa shule ameniambia rufaa ni kupoteza pesa, hakuna anayeshinda. Jirani yangu anasema ana mtu wa ndani anayeweza kuifungua karatasi yake kwa laki tatu, na kwamba hata ya mwaka 2012 yalibadilishwa. Mtoto ana siku ya nne hatoki chumbani. Nifanye nini, na nianze na lipi?"

Marahaba, mama. Pole, na mpe pole binti. Umeniuliza uanze na lipi, na jibu langu ni kwamba uanze na mtoto, kisha shule, na Baraza la Mitihani lije la tatu. Habari ya mtoto nitairudia chini, kwa sababu inataka maneno yake. Hapa nianze na hili la alama.

Wasiwasi wako nimeuelewa hivi: mtoto aliyekuwa anafanya vizuri katika somo moja ameporomoka katika somo hilo hilo, huku mengine yakikaa mahali pake. Hiyo ni sababu halali ya kuuliza. Mzazi anayeuliza hivyo hamtukani mwalimu yeyote wala halilaumu Baraza. Lakini sababu ya kuuliza bado haijawa ushahidi kwamba kuna kosa. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina malipo.

Kwanza nikuonyeshe D hiyo imesimama wapi. Kwa viwango vinavyotumika sasa katika mtihani wa kidato cha nne, A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. A huhesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, kisha huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Ya binti yako ni Kiswahili 2, Kiingereza 3, Jiografia 3, Fizikia 3, Kemia 3, na D mbili kati ya tatu alizonazo, za 4 kila moja. Jumla 22, na divisheni ya tatu huanzia hapo hapo kwenye 22. Baiolojia ikipanda kutoka D kwenda C, jumla inakuwa 21, nayo ni divisheni ya pili. Kwa hiyo ninakuelewa usiku unapokosa usingizi: alama moja, ya kutoka 44 kwenda 45, ingeweza kumpa somo la kombi na divisheni kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba matokeo yanayotangazwa huonyesha herufi tu. Hamjui kama ana 44 au 31. Aliye na 44 anaweza kuokolewa na kosa dogo la kujumlisha. Aliye na 31 hawezi kupandishwa na kosa la alama mbili tatu. Kwake lazima pawe na kitu kikubwa kilichopotea njiani. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya rufaa ni hili: kama kuna kosa, lingekuwa la ukubwa gani, na lingekuwa limetokea wapi?

Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanadhani alama ya mwisho ni ile aliyoandika msahihishaji kwenye karatasi. Kwa mtahiniwa wa shule sivyo. Mtihani wa Novemba hubeba 70 katika 100. Zile 30 ni alama za maendeleo shuleni, ambazo wote tunaziita CA, na zinatumwa na shule yenyewe. Baraza halimjui binti yako alivyofanya kidato cha tatu. Linajua kile ambacho shule imejaza.

Sasa fuata hesabu hii pamoja nami. Ni ya kuonyesha njia tu, alama zake halisi sizijui. Tuseme mtoto ana CA nzuri, 20 katika 30, kama inavyotarajiwa kwa mtoto wa B na C. Ili aishie kwenye D, jumla isizidi 44. Maana yake mtihani wenyewe ulimpa 24 au pungufu katika 70, ambayo ni kama asilimia 34. Kwa mtoto uliyenieleza, hapo ameanguka vibaya sana, na kosa la kujumlisha alama mbili haliwezi kueleza anguko la namna hiyo. Ama mtihani ulimshinda kweli, kwa sababu tunazoweza kuzitafuta, ama sehemu nzima ya kazi yake haikuhesabiwa.

Geuza upande wa pili. Tuseme mtihani aliufanya vizuri, akapata asilimia 62, lakini CA yake ya Baiolojia haikuingia, imesomeka sifuri. Asilimia 62 ya zile 70 ni 43.4. Hiyo ni D, mama. Mtoto wa C ya juu anageuka mtoto wa D bila msahihishaji yeyote kukosea hata nukta moja. Na ukikata rufaa, karatasi ikatolewa na kuhakikiwa ukurasa kwa ukurasa, utajibiwa kwamba kila kitu kiko sawa, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kiko sawa.

Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi, na CA ndiyo kazi iliyokuwa ikininyima amani. Unakaa na orodha ndefu ya namba, kompyuta moja, umeme unakatika, na walimu wa masomo wanakuletea alama kwenye vipande vya karatasi siku ya mwisho. Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi wawili waliofuatana kwenye orodha walikuwa wamebadilishana alama za Kemia: safu moja ilikuwa imerukwa wakati wa kunakili. Tuliligundua kabla ya kutuma, kwa sababu msichana mmoja alikuja ofisini kwa adabu kabisa akaomba aone alama zake. Asingekuja, zingeondoka hivyo. Tangu siku ile nilikuwa nabandika orodha ukutani kila mtoto aone yake na kutia sahihi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, nenda shuleni na binti yako, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe CA ya Baiolojia iliyotumwa kwa namba yake ya mtihani. Omba kuona kile kilichotumwa. Daftari la mwalimu wa somo halitoshi, kwa sababu kosa hutokea katikati ya daftari na kompyuta. Linganisha na ripoti zake za muhula ulizonazo nyumbani. Kama ripoti zinasema 60 na orodha iliyotumwa inasema 16, umepata kosa lenyewe, na wa kuandika barua kwa Baraza kulieleza ni mkuu wa shule pamoja na vielelezo. Usiende kwa sauti ya kugomba. Sema tu, "Mwalimu, naomba tuhakiki pamoja kabla sijaamua habari ya rufaa." Mwalimu mwenye kazi safi hataona tabu kufungua orodha.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Wazazi wengi wana picha ya mwalimu mmoja aliyechoka, amekaa usiku na rundo la karatasi, akimpa mtoto alama kwa hasira za siku hiyo. Usahihishaji wa mitihani ya taifa haufanyiki hivyo. Walimu hukusanywa kituoni, wanakaa kwa somo, na kabla ya kalamu nyekundu kugusa karatasi hukaa kwanza na mwongozo wa usahihishaji, wanaupitia swali kwa swali na kusahihisha karatasi za majaribio mpaka wakubaliane jibu hili linapewa ngapi. Kisha kila mmoja anashika swali lake. Kijitabu cha binti yako kinafika kwa wa swali la kwanza, anasahihisha, anaandika alama kwenye kisanduku cha juu, anampasia wa swali la pili, na kinasogea hivyo mezani hadi mwisho. Jina lake halimo, ipo namba tu. Nyuma yao wapo wanaohakiki kama kila ukurasa umesomwa na kama jumla inalingana na visanduku. Kwa hiyo ile hofu kwamba "kuna mwalimu aliyemwonea" iondoe moyoni. Hakuna mtu mmoja aliyeishika Baiolojia yake yote.

Lakini ukitazama mnyororo huo utaona pia mahali ambapo kosa linaweza kupenya. Ukurasa ulioshikana na mwenzake. Jibu ambalo mtahiniwa alilianza ukurasa wa 5 akalimalizia ukurasa wa 14 bila kuandika kwamba linaendelea. Karatasi ya ziada ambayo haikufungwa vizuri au haikuandikwa namba. Tarakimu iliyonakiliwa vibaya kutoka kisanduku kwenda kwenye jumla, au kutoka kwenye jumla kwenda kwenye kompyuta, 71 ikawa 17. Na kwa masomo ya sayansi kuna hili lingine: Baiolojia ina karatasi mbili, ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Mtoto aliyepata 50 katika nadharia na 28 katika vitendo ana 78 katika 150, sawa na asilimia 52. Ile ya vitendo isipohesabiwa, anabaki na 50 katika 150, asilimia 33. Ukijumlisha na CA yetu ya 20, wa kwanza anapata 56, C safi. Wa pili anapata 43.

Hayo ndiyo rufaa inayoweza kuyakamata. Yasiyokamatwa na rufaa ni kutoridhika tu kwamba jibu lilistahili 4 likapewa 3. Tena nikuombe uelewe tofauti ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuhakiki, yaani kuangalia kwamba kila jibu lilisahihishwa, jumla ni sahihi na alama ilihamishwa inavyopaswa. Na kuna kusahihisha upya, mtahini mwingine akasoma majibu tangu mwanzo. Unapochukua maelezo ya rufaa shuleni, soma unalipia lipi kati ya hayo, na kwa somo lipi, maana rufaa huwa kwa somo. Ukilipia Baiolojia hakuna atakayefungua Historia.

Na rufaa hutafuta alama iliyo sahihi. Jiandae kwa majibu matatu: imepanda, haikubadilika, au kosa limeonekana ila halitoshi kuvuka kwenda herufi nyingine. Hili la mwisho huwaumiza watu sana, kutoka 36 kwenda 41 na D ikabaki D.

Mkuu wa shule aliposema rufaa haishindi, sidhani kama alikusudia mabaya. Rufaa nyingi nilizoziona zilirudi bila mabadiliko, na sababu yake ni kwamba nyingi zilikatwa kwa uchungu, bila mtu kukaa na mtoto kumuuliza. Lakini "nyingi hazishindi" na "hakuna anayeshinda" si kauli moja, na haki ya kuuliza ni yenu. Mtahiniwa wa shule hupitishia maombi yake shuleni. Mkuu wa shule ana nafasi ya kukushauri. Kukukatalia ni jambo jingine, na ikifika huko mwone Ofisa Elimu Sekondari wa halmashauri yenu.

Kwa hiyo kaa na binti, siku atakayokuwa tayari, na umuulize taratibu kama mtu anayetaka kujua, usiwe kama polisi. Karatasi ya nadharia alimaliza? Sehemu ya kuchagua maswali alijibu idadi iliyotakiwa, au alijibu swali lisilotakiwa na kuacha la lazima? Aliomba karatasi za ziada, na alizifunga mwenyewe? Siku ya vitendo ilikuwaje, vifaa vilitosha, sampuli aliiona vizuri, alimaliza maswali yote? Namba yake ya mtihani aliandika kila ukurasa? Alikuwa mzima wiki ile, au alikuwa na homa, au kuna jambo la nyumbani? Watoto huficha mambo haya kwa hofu ya kulaumiwa. Kama atakwambia, "Mama, vitendo nilivuruga, muda uliisha nimejibu nusu," basi umeshapata jibu ambalo rufaa ingekupa baada ya miezi. Kama atasema kwa uhakika kwamba alijibu yote na kuna karatasi mbili za ziada alizokabidhi, hapo nami nasema kata rufaa.

Na hiyo B ya moko usiipe uzito kupita kiasi. Moko huandaliwa na kusahihishwa na walimu wa mkoa au wilaya, mara nyingi kwa haraka, na ugumu wake hutofautiana mkoa kwa mkoa. Nimeona moko iliyowavunja watoto moyo bure na nimeona iliyowapumbaza. B ya moko pamoja na C za kidato cha tatu zinaniambia mtoto huyu D si mahali pake pa kawaida. Hazinithibitishii kwamba D hii ni kosa.

Mwaka 2012 nao niuseme, kwa sababu kila Januari na Februari huwa unarudi vinywani. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni sifuri. Nchi ilishtuka, Serikali ikaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakatenguliwa na kuagizwa yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Kilichobadilishwa hapo ni namna ya kupanga alama kwa watahiniwa wa nchi nzima. Hakuna karatasi ya mtoto mmoja iliyofunguliwa kwa ombi la mzazi mmoja, sembuse kwa mtu wa ndani. Jirani anachanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Na kuhusu huyo mtu wa laki tatu, mama, naomba unisikilize sana. Usimpe. Usimpe hata namba ya mtihani ya mtoto. Anachofanya mara nyingi ni kuchukua pesa za wazazi 20 na kungoja. Ikitokea karatasi ya mmoja imerekebishwa kwa njia halali, anadai ni kazi yake, na waliobaki huzimiwa simu. Na kama kweli angekuwa na mkono wa kuchezea alama, hilo ni kosa la jinai, na matokeo yaliyopatikana kwa udanganyifu hufutwa yote. Binti angepoteza na zile C nne alizozihangaikia. Malipo halali ya rufaa hutolewa kontrol namba ya Serikali na unabaki na risiti yake. Yeyote anayetaka pesa kwenye simu yake binafsi, huyo ni tapeli au mla rushwa, na namba ya TAKUKURU ya bure ni 113.

Ukiamua kukata rufaa, fanya mapema. Muda unahesabiwa tangu siku matokeo yalipotangazwa. Usingoje cheti, na usingoje hasira zipoe mpaka Machi. Ndani ya wiki mbili za mwanzo uwe umeshaona CA, umeshaongea na mtoto na umeshachukua utaratibu na kiwango cha ada kutoka shuleni. Barua iwe fupi: namba ya mtihani, somo, na sababu mahususi. "Mtahiniwa alitumia karatasi mbili za ziada katika karatasi ya nadharia, tunaomba kuhakikishiwa kwamba zilisahihishwa" inampa mhakiki mahali pa kutazama. "Mtoto wetu ana akili na hakustahili D" haimpi. Weka nakala ya kila kitu.

Sasa kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami silali nisipokwambia. Nyote mnaitazama D ya Baiolojia. Mimi naitazama F ya Hisabati.

D ni ufaulu. Kwa PCB ya kidato cha tano inampunguzia nafasi, kwa sababu hutazamwa ufaulu wa masomo ya kombi. Lakini njia ya afya haipiti PCB peke yake. Vyuo vya afya vya kati, vinavyosimamiwa na NACTVET, hupokea kwa stashahada ya utabibu na ya uuguzi wanafunzi wenye ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Binti yako anayo yote matatu leo, kabla hata ya rufaa, ingawa ushindani wa nafasi ni mkubwa na mwenye C huwa mbele yake. Akisoma utabibu miaka mitatu anakuwa tabibu kamili, anatibu watu. Akitaka baadaye kusoma udaktari wa shahada kwa cheti hicho, vyuo vikuu hurudi kutazama matokeo ya kidato cha nne, na hapo hutakiwa angalau D katika Baiolojia, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Ile F mnayoipita kimya itamsubiri mlangoni miaka minne ijayo. Na hata angepata PCB, huko hukutana na hesabu za BAM, somo la hisabati la kidato cha tano na sita, na mtoto aliyeikimbia Hisabati huteseka.

Kwa hiyo kurisiti, yaani kurudia mtihani, ninakuweka sambamba na rufaa, usikufanye kuwa adhabu ya kushindwa rufaa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari kwa ada ya kawaida, kisha wanaochelewa hulipa zaidi kabla ya kufungwa kabisa. Mzazi anayesema "tungoje kwanza jibu la rufaa" hujikuta jibu limekuja bila mabadiliko na usajili umeshafungwa, mwaka mzima umekwenda. Msajili arudie Baiolojia na Hisabati Novemba. Rufaa ikishinda, atarudia Hisabati peke yake na hasara ni ada ya somo moja. Ajue tu kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hana CA ya kumbeba. Mtihani ndio wote, na vitendo avipatie mahali pa kufanyia mazoezi mapema, kwa kuomba maabara ya shule yake ya zamani au kituo kinachoeleweka.

Mlango wa tatu ni kidato cha tano kwa kombi nyingine. Kila mwaka TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili wahitimu warekebishe machaguo yao ya tahasusi, yaani kombi, na vyuo kulingana na matokeo waliyopata, na haulipiwi. Wengi huacha yale waliyojaza kabla ya mtihani, wakiwa na ndoto ya PCB, kisha wanashangaa kutopangwa popote. Akae na mwalimu wa taaluma, watazame zile C zake na ile B ya Kiswahili zinamfungulia tahasusi gani, abadilishe kabla mfumo haujafungwa. Kidato cha tano huanza Julai. Kubadilisha machaguo hakufuti rufaa wala ndoto. Ni kuhakikisha ana kiti mahali.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini kama ni wangu: wiki hii CA, na mazungumzo na mtoto. Kikionekana kitu, rufaa ya Baiolojia mara moja. Kisipoonekana kitu, pesa ile ya rufaa ningeilipia ada ya kurisiti. Na vyovyote vile Hisabati ningeisajili. Safari ya kwenda mwenyewe ofisi za Baraza, Mikocheni, Dar es Salaam, ningeiacha kwa mambo yasiyomalizika shuleni: mtoto aliyefanya mtihani na kuandikiwa ABS kana kwamba hakuwepo, matokeo yaliyozuiliwa bila maelezo mliyoyaelewa, somo ambalo hakulifanya kuonekana kwenye jina lake, au barua ya rufaa iliyopita muda wake bila jibu. Hapo nenda, beba kitambulisho, risiti, nakala ya barua na barua ya utambulisho ya mkuu wa shule.

Narudi kwa binti. Siku nne chumbani ni nyingi. Mtoto wa umri huo anasikia kila neno linalosemwa sebuleni, na kama neno lililo nyumbani ni "rufaa, rufaa", anasikia kwamba alivyo sasa hakubaliki mpaka Baraza limrekebishe. Ingia ukae naye hata kama hasemi. Mwambie waziwazi kwamba pointi 22 ni ufaulu na kwamba humuonei aibu. Asichekwe, asilinganishwe na mtoto wa jirani, na wageni wanaokuja kuuliza divisheni wajibiwe na wewe. Apate chakula, na mtu mmoja anayempenda, shangazi au rafiki, aje amtoe nje jioni. Usimwache peke yake usiku kucha. Akianza kusema kwamba ni bora asingekuwepo, au akigawa vitu vyake, au akikataa kula kabisa, usingoje kesho: mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya na useme hayo hayo kwa daktari. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure, na hata wewe mzazi unaweza kuipiga kuomba ushauri.

Ukishaiona hiyo CA, niandikie iliyotumwa ni ngapi, na binti alisema nini kuhusu siku ya vitendo. Tutapiga hesabu pamoja kabla hujalipa.